Uzi: RNA fupi zinazoizuia saratani, na kwa nini bado hazijawa dawa

#1 kipipeti

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye ule uzi wa chanjo mdau mmoja aliandika kwamba RNA ni kitu kilicholetwa na korona, akagongewa laiki kibao. Nikaona nisimjibu kule, uzi ungehama njia, bora nifungue wa kwangu. Nafanya kazi maabara na RNA ndiyo ninayoshika kutwa nzima. Hii ninayoileta haihusiani na chanjo hata kidogo: humo mwilini mwako, tangu tumboni mwa mama yako, zimo RNA fupi sana zisizotengeneza protini yoyote, na baadhi yake zikipotea saratani inapata upenyo.

Msingi nitaupitia haraka. DNA yetu ina jeni kama 20,000 za kutengenezea protini, na zote kwa pamoja hazifiki asilimia 2 ya DNA nzima. Jeni inanakiliwa kuwa RNA mjumbe, ribosomu zinaisoma hiyo RNA, protini inatoka. Hapo ndipo shule ilipotuacha wengi.

Kumbe kuna RNA nyingine zinazonakiliwa kutoka kwenye DNA na haziendi kusomwa, zinaenda kukatwa. Kimeng'enya kiitwacho Drosha kinakata mara ya kwanza ndani ya kiini cha seli. Kipande kinatolewa nje ya kiini, kimeng'enya kingine, Dicer, kinakipunguza tena, na kinachobaki ni kiuzi cha herufi 22 hivi. Kiuzi hicho kinapakiwa ndani ya protini iitwayo Argonauti, nayo inaanza kuzunguka ikitafuta RNA mjumbe yenye maandishi yanayolandana na kiuzi ilichobeba. Ikiipata inaing'ang'ania. RNA mjumbe iliyoshikwa hivyo haisomwi sawasawa, na mara nyingi inaharibiwa kabla ya siku zake. Kiuzi hicho ndicho mikroRNA.

Niwape mfano wa kuonekana kwa macho. Kuna moja inaitwa let-7, na maandishi yake ni haya:

UGAGGUAGUAGGUUGUAUAGUU

Hesabuni, zinatoka 22. Zinazofanya kazi kubwa ya kutafuta ni herufi ya pili hadi ya nane: GAGGUAG. Kanuni ni ileile, A na U, G na C, kwa hiyo RNA mjumbe yoyote yenye CUACCUC kule mkiani, baada ya sehemu inayosomwa, ina hatari ya kukamatwa na let-7. Herufi saba tu. Ndiyo maana mikroRNA moja inaweza kuwa na mkono kwenye mamia ya jeni. Na let-7 hii niliyoiandika, ya binadamu na ya mnyoo mwenye urefu wa milimita moja ni ileile, herufi kwa herufi.

Huyo mnyoo, Caenorhabditis elegans, ndiye aliyefungua mlango. Victor Ambros na wenzake Rosalind Lee na Rhonda Feinbaum walikuwa wanaisaka jeni ya lin-4. Mnyoo mwenye hitilafu kwenye jeni hiyo anarudiarudia hatua za utotoni badala ya kukomaa. Walitegemea kukuta protini, wakakuta RNA ya herufi 22. Wakaichapisha mwaka 1993, na katika toleo hilohilo la jarida, Gary Ruvkun na wenzake wakaonyesha jinsi inavyoishika RNA mjumbe ya jeni nyingine, lin-14. Wenye fani wakasema sawa, mambo ya minyoo hayo, wakaendelea na shughuli zao. Mpaka mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ilipoileta let-7, na ikaonekana ipo kwa wanyama chungu nzima, binadamu akiwemo. Nobel ya tiba iliwafikia Ambros na Ruvkun Oktoba 2024, miaka 31 baada ya zile makala.

Ngoja nile, nikirudi naweka ya saratani yenyewe.

#2 Kasuku wa Ilala

Naweka kambi hapa. Mkuu usije ukatuacha njiani kama wale wa "itaendelea".

#3 Mzee wa Upupu

Herufi 22 ndo zizuie kansa? Haya, shusha nondo tuone.

#4 kipipeti

Nimerudi, na Mzee wa Upupu naanza na wewe.

Kuna saratani ya damu inaitwa lukemia sugu ya limfosaiti, kwa kifupi CLL. Inawashika zaidi watu wa umri mkubwa. Kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, seli zao za saratani zimepoteza kipande cha kromosomu ya 13, mahali panapoitwa 13q14. Sasa kipande kilekile kikipotea kwa wagonjwa wengi wasiojuana, mtafiti anahisi kwamba humo mlikuwa na jeni iliyokuwa inazuia saratani. Watu wakapapekua mahali hapo miaka na miaka. Kila jeni ya protini waliyoishuku waliipima ikaonekana nzima, haina kasoro kwenye ile nakala iliyobaki. Mwaka 2002 George Calin, Carlo Croce na wenzao wakaonyesha kwamba ndani ya eneo dogo kabisa linalopotea kwa wagonjwa zimo mikroRNA mbili zilizopangana, miR-15a na miR-16-1. Jeni iliyokuwa inasakwa haikuwa ya protini. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza mikroRNA ilipohusishwa na saratani ya binadamu.

Zinazuiaje? Mwaka 2005 kundi hilo lilionyesha kwamba zinaishika RNA mjumbe ya BCL2, protini inayoizuia seli isijiue. Seli yenye hitilafu inatakiwa ijimalize yenyewe. BCL2 ikiwa nyingi, haijimalizi, inabaki inazurura kwenye damu na kujazana. Kuna wanaobisha ukubwa wa mchango wa BCL2 peke yake, na wana hoja, kwa sababu miR-15 na miR-16 pia zinapunguza protini kadhaa zinazoisukuma seli igawanyike. Lakini jambo lenyewe lilithibitishwa mwaka 2010 na maabara nyingine, ya New York: panya waliofutiwa sehemu hiyo walipata ugonjwa unaofanana na CLL, hata pale walipofutiwa zile mikroRNA mbili tu na majirani zake wakaachwa.

Let-7 nayo ina kesi yake. Watafiti wa Japani mwaka 2004 waliona kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu wenye let-7 kidogo waliishi muda mfupi zaidi baada ya upasuaji. Mwaka uliofuata maabara ya Frank Slack, wakati huo akiwa Yale, ikaonyesha kwamba let-7 inaishika RNA mjumbe ya RAS. Anayefuatilia saratani anaijua RAS: ni protini ya kuiambia seli igawanyike, na ikiharibika inaendelea kuamrisha hata pasipo sababu. Baadhi ya uvimbe wa saratani huirudisha protini ya kichanga iitwayo LIN28, ambayo kazi yake ni kuzuia let-7 isikamilike kutengenezwa. Yaani saratani inakwenda kuikamata let-7 kabla haijakatwa na Dicer.

Ya tatu ni miR-34a. Hii inawashwa na p53, ile protini inayoisimamisha seli DNA yake ikijeruhiwa. Mwaka 2007 makundi kadhaa ya watafiti yaliligundua jambo hilo karibu kwa pamoja. p53 ikiamka inaamuru miR-34a itengenezwe, nayo inapunguza protini za mgawanyiko kama CDK4 na CDK6, inapunguza BCL2, inapunguza MET, protini nyingine ya kuisukuma seli ikue. Na mnajua p53 ndiyo jeni inayoharibika kuliko nyingine yoyote kwenye saratani za binadamu, kwa hiyo miR-34a nayo inakosa wa kuiwasha.

Hapa kuna kitu ambacho wengi wanaoandika habari hizi wanakiruka. MikroRNA haizimi jeni. Inaipunguza, na mara nyingi kidogo tu, protini inashuka kwa kiasi kisichofika nusu. Ni kama volteji ya mtaani saa mbili usiku: hakuna nyumba iliyokatiwa umeme, ila kila taa imefifia. Nguvu ya mikroRNA inatokana na kwamba inafifisha nyumba nyingi kwa mpigo, na zote ziko upande mmoja wa kazi, mathalani zote ni za kusukuma mgawanyiko. Seli haihitaji kuzimiwa kitu ili ibadili mwelekeo. Na ugumu wote wa kuigeuza dawa umeanzia hapohapo. Nitafika.

Si kila mikroRNA ni rafiki, msije mkabeba hivyo. Zipo zinazosaidia saratani, kama miR-21 na lile kundi la miR-17-92. Zenyewe zinafanya kazi ileile ya kupunguza, ila zinachopunguza ni zile jeni za kinga dhidi ya saratani.

#5 daktari_mwanafunzi

Kaka kipipeti nondo nzuri, ila nina swali la kichokozi. Mwaka 2012 watafiti walifuta miR-34 zote, a, b na c, kwenye panya. Panya wakazaliwa salama, wakakua, p53 yao ikafanya kazi kama kawaida, na uvimbe hawakuupata kuliko wenzao. Kama hii miR-34a ni kubwa hivyo, mbona pengo lake halikuonekana?

Halafu kuna jambo umeliruka wewe mwenyewe: mitambo ya kukata. Watoto wenye hitilafu ya kurithi kwenye jeni ya Dicer wanapata saratani adimu za utotoni, ikiwemo moja ya mapafu. Na kwenye uvimbe wa Wilms, ile saratani ya figo ya watoto tunayoiona wodini, sehemu ya wagonjwa wana mabadiliko kwenye Drosha au Dicer ndani ya uvimbe. Kwangu mimi huo ushahidi una uzito kuliko mikroRNA yoyote mojamoja.

#6 kipipeti

Daktari, umenipiga panapouma, na hiyo ya Wilms nakupa maua yako.

Kuhusu panya wa 2012, matokeo ni ya kweli na ni muhimu. Navyoyaelewa mimi, p53 ina njia nyingi za kuisimamisha seli na miR-34 ni mojawapo. Ukiondoa njia moja kwa mnyama ambaye kila kitu kingine ni kizima, zilizobaki zinabeba mzigo. Mwaka 2014 kundi jingine liliondoa p53 na miR-34 kwa pamoja kwenye tezi dume za panya, na saratani ikatokea mahali ambapo kuondoa moja peke yake hakukuileta. Linganisha na miR-15/16, ambazo kukosekana kwake tu kulitosha kuleta ugonjwa. Kwa hiyo tusiziweke zote kapu moja. Zipo zinazozuia saratani zenyewe na zipo zinazosaidia mzuiaji mwingine, na mimi naiweka miR-34a kundi la pili. Bahati mbaya ndiyo iliyochaguliwa kutangulia kwenda kwa wagonjwa.

#7 Mama Tatu

Kipipeti mwanangu, mimi hayo ya herufi yamenipita lakini nimesoma yote. Mdogo wangu ana saratani ya titi, ameshaanza dripu. Kuna mtu ametuma kwenye grupu la ukoo tangazo la poda, kopo shilingi elfu themanini, imeandikwa inarudisha mikroRNA zilizopotea mwilini. Wanataka tuchange. Ni kitu kweli au?

#8 kipipeti

Shikamoo mama. Pole sana na mgonjwa.

Msichange, mama. RNA ni kitu dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Hapa maabara tukitoa RNA kwenye sampuli tunafanya kazi juu ya barafu, tunavaa glavu na kuzibadilisha kila tukigusa kitasa au simu, kwa sababu vidole vya binadamu vina vimeng'enya vinavyoila RNA. Mate yanavyo. Utumbo ndio umejaa, ni kazi yake kusaga vitu kama hivyo. Tukimaliza tunahifadhi kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri. Sasa huyo anakuuzia kopo lililokaa rafuni kwenye joto, mgonjwa analikoroga na uji, halafu eti RNA ipite tumboni, iingie kwenye damu, ilifikie titi na kuingia ndani ya seli. Haiwezekani. Na hakuna popote duniani mikroRNA iliyoidhinishwa kuwa dawa ya saratani, ya kunywa wala ya sindano.

Mgonjwa asikatishe dripu. Kama kuna chochote cha unga au cha majani anachotumia tayari, daktari wake aambiwe kwa jina, maana baadhi ya hivyo vitu vinagombana na dawa za kemo au vinaliumiza ini.

Kwa wengine mnaojiuliza kwa nini hamna dawa, iliyojaribiwa ni hii. Kampuni ya Mirna Therapeutics ya Texas ilitengeneza miR-34a ya maabara, ikaifunga kwenye vijitone vidogo sana vya mafuta na kuiita MRX34. Ilianza kupewa wagonjwa mwaka 2013 kwa dripu, watu wenye saratani zilizosambaa ambao dawa nyingine zilishashindwa. Iliwafikia wagonjwa 85. Watatu uvimbe wao ulipungua kwa kiasi cha kuhesabika, na 16 ugonjwa ulisimama kwa muda. Lakini baadhi ya wagonjwa kinga yao ya mwili ililipuka, ingawa walikuwa wanapewa deksamethasoni kuituliza. Wanne walifariki. Septemba 2016 jaribio likasimamishwa.

Rudini kwenye ile volteji. Ukimpa mtu miR-34a kwa dripu, haiendi kwenye uvimbe peke yake. Inaingia kwenye ini, wengu, uboho, na chembechembe za kinga zenyewe, na kila inapoingia inafifisha mamia ya jeni. Juu ya hapo, mwili ukikutana na RNA ya nyuzi mbili mahali isipotarajiwa unaidhania ni kirusi na kupiga kengele. Lile jambo linaloifanya mikroRNA iwe mzuiaji mzuri wa saratani ndani ya seli, yaani kugusa mengi kwa pamoja, ndilo linaloifanya iwe ngumu kuitoa kama dawa.

Tazameni CLL ilikoishia. Dawa iliyobadilisha maisha ya wagonjwa wake ni venetoclax, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016. Ni kidonge, kinaizuia BCL2, basi. Haikutokana na utafiti wa mikroRNA, BCL2 ilijulikana tangu miaka ya 1980. Ila inagusa shabaha mojawapo ya miR-15 na miR-16, moja tu kati ya nyingi, na hiyo moja imetosha kumfaa mgonjwa.

#9 Mama Tatu

Ahsante mwanangu, Mungu akubariki. Nimeshawajibu kwenye grupu. Wamenuna, lakini hela haitoki.

#10 Nshomile wa Kampala

Wadau, naona mnazunguka Texas na New York wakati kesi nzuri kuliko zote iko hapa jirani. Niko Kampala, ngoja nichangie.

Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akifanya kazi hapa hospitali ya Mulago, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Ndiyo limfoma ya Burkitt. Sampuli zilizotoka hapa kwenda London ndizo Anthony Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walizotumia kuona kirusi mwaka 1964, kile tunachokiita Epstein-Barr. Mwaka 2004 kirusi hichohicho kikawa cha kwanza cha binadamu kukutwa kinatengeneza mikroRNA zake mwenyewe. Kirusi! Kinatumia Dicer yako kukata viuzi vyake. Mojawapo, miR-BART5, inaishika RNA mjumbe ya PUMA, protini inayoiambia seli ijiue. Seli iliyoambukizwa inabaki hai na kirusi kinabaki na makazi.

Na MYC je, ile jeni ya kuisukuma seli igawanyike? Kwenye Burkitt jeni hiyo inahamishwa, mara nyingi kutoka kromosomu ya 8 kwenda ya 14, ikakae jirani na jeni za kingamwili ambazo kwenye limfosaiti B, zile seli za damu zinazotengeneza kingamwili, zinafanya kazi usiku na mchana. MYC ikiwa juu hivyo inaongeza miR-17-92, na inashusha mikroRNA nyingi nyingine, zikiwemo let-7 na miR-15/16 ambazo kipipeti amezitaja. Hakuna kipande cha DNA kilichopotea, zimenyamazishwa tu.

Ndugu yake, kirusi cha saratani ya Kaposi, ana ujanja zaidi. Ana mikroRNA yenye zile herufi za kutafutia sawasawa na miR-155 yetu, ambayo tunajua inasaidia limfosaiti B zizaliane. Yaani ameiga funguo.

#11 daktari_mwanafunzi

Nshomile ni Nshomile tu 😂 Umeacha malaria lakini. Maeneo yenye malaria nyingi ndiyo yenye Burkitt nyingi.

#12 Nshomile wa Kampala

Malaria inahitaji uzi wake, dogo. Ufungue.

#13 Kasuku wa Ilala

Mimi swali la kimaskini. Mimea nayo ina hizo mikroRNA? Maana kama ipo kwenye mnyoo itakosa kwenye mchicha? Tukila dona na matembele haziingii?

#14 kipipeti

Si la kimaskini hata kidogo, lilishawatoa jasho maprofesa. Mimea inazo, ndiyo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nanjing walisema wamekuta mikroRNA ya mchele, MIR168a, kwenye damu ya watu wanaokula wali, na kwamba inapunguza protini ya ini inayosaidia kuondoa kolesteroli. Habari ikazunguka dunia. Maabara nyingine zilipojaribu kwa panya na nyani, kiasi walichokuta ni kidogo mno au hakuna, na baadhi ya walichokiona kikaelekea kuwa uchafu uliopenya kwenye vipimo. Mimi nahesabu hoja hiyo imekufa, ingawa wauza poda wanaifufua kila mwaka. Lile tangazo la kina Mama Tatu sitashangaa kama lilichimbuliwa hukohuko.

Ila kwenye dona lako, Kasuku, kuna kitu kinachoigusa habari hii kweli: sumukuvu. Mahindi yaliyoanikwa vibaya yakaota ukungu. Ile sumu ikifika kwenye ini inapenda kugonga p53 mahali palepale, kodoni ya 249 (kodoni ni neno la herufi tatu za jeni), inabadilisha herufi moja G kuwa T. p53 hiyo haifanyi kazi tena, na miR-34a inakosa wa kuiwasha. Mtu akiwa pia na homa ya ini B, hatari ya saratani ya ini inapanda mara nyingi zaidi kuliko ukijumlisha tu hatari za kila moja. Kwa hiyo usihangaike na mikroRNA ya mahindi, hangaika na turubai la kuanikia.

Na virusi vya HPV vya mlango wa kizazi vinafika palepale kwa njia nyingine. Protini yao ya E6 inasababisha p53 isagwe, na miR-34a inashuka. Chanjo ya HPV kwa wasichana ilianza kutolewa nchi nzima hapa Tanzania mwaka 2018, Rwanda walitutangulia 2011. Anayesema sayansi ya RNA haituhusu, hapo ndipo inapotuhusu.

#15 Mzee wa Upupu

Nakubali nilikuja kubisha, nimekaa. Sasa vipi hivi vipimo vya damu? Nimeona mahali wanatangaza tone moja la damu linaonyesha kansa zote kwa hizo RNA.

#16 kipipeti

Mzee, msingi wake upo. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba mikroRNA zinakaa kwenye plazma, yale majimaji ya damu, bila kuharibika, zimefungwa kwenye protini na vifuko vidogo. Tangu hapo makala zimemiminika, kila saratani na orodha yake. Ukizilinganisha orodha hazifanani.

Sababu moja naiona kila siku mezani. Damu ikivutwa kwa nguvu na sindano nyembamba, au ikicheleweshwa kabla ya kuzungushwa kwenye mashine, chembe nyekundu zinapasuka. Plazma inayotakiwa kuwa ya manjano kama majani ya limao yaliyokauka inatoka na wekundu kidogo tu, wakati mwingine jicho halioni. Chembe nyekundu zimejaa miR-16 na miR-451. Ukipima, miR-16 imepanda juu, unaandika "mgonjwa ana tofauti kubwa na mtu asiyeumwa", kumbe tofauti ni ya aliyechoma sindano. Na miR-16 ndiyo maabara nyingi zilikuwa zinatumia kama kipimo cha kulinganishia nyingine! Sisi plazma yenye rangi ya waridi hatuipimi, inamwagwa.

Kilichosimama mpaka sasa kwa uzuri ni miR-371 kwa saratani ya korodani. Kwenye utafiti mkubwa wa Ujerumani uliotoka 2019, iliwatambua karibu 90 kati ya kila wagonjwa 100, na kati ya wasio nayo ilikosea kwa wachache tu, kama 6 kwa 100. Hiyo ni saratani moja na mikroRNA moja. Kipimo cha kansa zote kwa tone moja, usitoe hela.

#17 daktari_mwanafunzi

Swali la mwisho kaka, kisha nikalale nina zamu asubuhi. Baada ya MRX34 walikata tamaa? Maana RNA za kutibu magonjwa mengine zipo tayari, patisiran iliidhinishwa 2018.

#18 kipipeti

Patisiran inalenga jeni moja, na jeni hiyo inafanya kazi zaidi kwenye ini, ambako vijitone vya mafuta vinaishia vyenyewe. Walichagua mahali rahisi, na walifanya vizuri kuchagua hivyo. Uvimbe wa kongosho au wa ubongo haukupi nafasi hiyo.

Hawakukata tamaa. Kule Australia, ambako watu wengi walivuta vumbi la asbesto wakapata mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, waliipakia miR-16 ya maabara kwenye vijiseli vitupu vya bakteria vilivyopachikwa kingamwili ya kushika EGFR, alama iliyo nyingi kwenye uvimbe huo. Matokeo yalitoka 2017. Kati ya wagonjwa 22 waliopimwa, mmoja uvimbe ulipungua, 15 ulisimama, sita uliendelea. Usalama ulikuwa afadhali kuliko MRX34.

Mirna Therapeutics yenyewe iliungana na kampuni nyingine mwaka 2017 na MRX34 ikabaki kabatini. Lakini miR-34a haikufa. Maabara ya Andrea Kasinski, Chuo Kikuu cha Purdue, iliachana na mafuta kabisa. Wameifunga miR-34a moja kwa moja kwenye folate, aina ya vitamini B, kwa sababu baadhi ya saratani za mapafu, matiti na ovari zina vipokezi vingi vya folate na zinaivuta zenyewe. Baadaye wakabadilisha kemia ya herufi zote za kiuzi ili vimeng'enya visiweze kukila haraka. Dozi inayohitajika ikashuka, na kwa panya uvimbe uliacha kukua. Kwa panya, daktari. Lala salama.